Mwosha Afunguka

Nimeosha maiti wa kiume mtaani kwetu Kiembe Samaki kwa miaka zaidi ya ishirini, na muda wote huo sijapata kumwambia mtu nilichokiona. Si kibaya, si kizuri. Aliyenifundisha kazi alinikataza hata kusifu. Ukisema leo kwamba huyu alikuwa na uso wa nuru, kesho ukamnyamazia mwingine, watu watakuwa wameshajua. Mchana nashona kanzu Darajani, na huko kwenye cherehani ndiko ninakopayuka. Kwenye kuosha, sina mdomo. Nilijivunia hilo, tena kupita kiasi.

Mwimbaji tuliyemzika mwaka ule alikuwa mtoto wa jirani yangu, mama mjane wa nyumba ya pili. Alivuma mpaka bara. Alikuwa ameshapita miaka arubaini na hakuoa, na hilo peke yake liliyatosha magazeti ya udaku yanayovuka na boti ya asubuhi. Kila baada ya wiki chache yalikuja na swali jipya: mbona hana mke, mbona sauti laini hivyo, yule rafiki yake ni rafiki wa namna gani. Sijifanyi malaika. Nilikuwa nikiyanunua na kuyasoma kwa sauti dukani, na mzaha wangu ndio uliochekesha kuliko wa wengine wote. Siku moja alikuja kupimwa kanzu. Alipotoka tu nikamwiga anavyotembea, naye hajafika hata duka la pili. Wateja walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai.

Alikutwa asubuhi amekufa chumbani kwake Mji Mkongwe. Hospitali walisema ni moyo. Akaletwa kwa mama yake, nikamwosha pamoja na ami zake wawili, na baada ya alasiri tukamzika. Mama yake alimwona uso tu, tulipokwisha kumvisha sanda. Makaburini yule rafiki yake alilia kwa sauti, akashikwa asianguke, na watu wakatazamana.

Kesho yake kijana mmoja wa gazeti akanipigia simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, nimeambiwa wewe ndiye uliyemwosha marehemu. Watu huku wanaongea mengi, sisi tunataka ukweli tu. Mwilini uliona nini?"

"Mwanangu, mwosha hasemi alichokiona."

"Kwa hiyo kuna ulichokiona?"

"Nshakwambia. Nilichokiona sitasema mpaka naingia kaburini."

Nikakata simu nimeridhika. Niliona nimemfunza adabu mtoto wa watu.

Asubuhi iliyofuata lile gazeti lilishuka Darajani. Ukurasa wa mbele, kwa wino mwekundu: MWOSHA MAITI AFUNGUKA: NILICHOKIONA SITASEMA! Chini yake picha ya rafiki yule akilia, kichwa kimezungushiwa duara, na alama ya kuuliza pembeni. Ndani mlikuwa na daktari asiyetaka kutajwa na mtu wa karibu na familia, na kila sentensi ilikuwa na "inadaiwa" yake. Neno lenyewe hawakuliandika. Waliweka nukta tatu, msomaji ajazie mwenyewe.

Dukani kwangu walijazia. "Hebu fundi, sisi wenzako, tutobolee," alisema mmoja, na wenzake wakasogeza viti. Mwengine, aliyelibeba jeneza siku mbili kabla, alisema laiti angalijua asingalitia bega lake. Hakuna aliyemuuliza angalijua nini. Nilisema kwa ukali kwamba sisemi, nao wakapeana macho. Kila nilivyozidi kukasirika ndivyo walivyozidi kuamini.

Walidhani mapenzi humpiga mtu chapa kama ng'ombe. Leo naivunja amri ya mwalimu wangu, mara moja tu: hapakuwa na kitu. Kovu la zamani la kupasuliwa ngiri, na kucha zilizokatwa vizuri. Mwili wa mwanamume wa makamo, basi. Alimpenda nani na nani alimpenda yeye, haya hayakuwa kwenye ngozi yake, na yangalikuwapo yasingalinihusu mimi wala muuza gazeti.

Jioni ile ilikuwa hitma ya kumsomea marehemu. Juzuu zilibaki nyingi kuliko wasomaji. Rafiki yake hakuja, na nani angekuja na duara jekundu kichwani? Tulipomaliza, mama yake akaniita uani. Kusoma gazeti hajui. Mtoto wa jirani alikuwa amemsomea kile kichwa cha habari, kisha akaona haya akakimbia na gazeti lake.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Nambie ulichokiona."

"Sikuona kitu. Wallahi sikuona kitu."

"Mwosha atasema nini tena?" Hakuwa na hasira. "Mwaka juzi alikuja hapa jicho limemvimba, akanambia kaanguka ngazini. Nikajifanya nimeamini. Sasa wamemmaliza. Walimpiga wapi? Kichwani?"

Mji mzima ulikuwa umesoma uchafu katika maneno yangu, na mama huyu alisoma damu. Kumtoa huko kulitaka nimweleze gazeti lilikusudia nini, na kwa hilo nilihitaji neno moja tu, neno nililolitamka dukani miaka na miaka huku nikicheka. Mbele yake lilinikwama. Nilijiambia namsitiri yeye. Uongo. Nilichelea asije akaniuliza nimelijuaje, na nilikuwa nikilisema wapi.

"Daktari kasema ni moyo, Bi Mkubwa."

"Daktari hakumkosha. Aliyemkosha ni wewe."

Akanishika mkono kwa upole, akauminya kama mtu anayembembeleza mtoto aseme.

"Basi nambie hili tu, sikuulizi jengine," alisema. "Walikuwa wangapi?"