Mstari Kwenye Risasi

Sanduku nililikuta darini, juu ya stoo ya mahindi, mwaka ule mume wangu alipoamua kuezua bati la zamani na kuweka jipya. Lilikuwa sanduku la mbao, limefungwa kwa kamba ya katani, zito hata nikadhani lina majembe. Ndani mlikuwa na koleo la chuma lenye vishikio vya mbao vilivyong'aa kwa kushikwa, upawa mdogo, sufuria nene ya chuma, na kidude chenye mkono wa kushindilia, kimefungwa kwa skrubu kwenye kipande cha ubao. Chini kabisa kulikuwa na vipande vya risasi, yale madini ya kijivu ambayo ukiyakwaruza kwa ukucha alama inabaki, na kopo la mafuta yaliyoganda yenye harufu ya nta na kondoo.

Nililibana lile koleo. Meno yake yalipokutana, katikati kilibaki kishimo chenye umbo la kidole cha mtoto mchanga. Hapo nikajua kwamba ni kalibu ya kutengenezea risasi za bunduki.

Baba mkwe alikuwa uani anapukuchua mahindi. Pale kijijini kwetu Mutuka kila mtu alijua kwamba zamani alikuwa na bunduki ya kibali, ya kufukuzia tembo na nguruwe mashambani, na kwamba aliirudisha polisi kabla mimi sijaolewa. Hivi vifaa hakuna aliyewahi kuvitaja.

"Umevitoa wapi?" aliniuliza.

"Darini, baba."

Gunzi likamdondoka. "Katupe chooni," akasema.

Ningemsikiliza, haya yote yasingetokea. Lakini mdogo wangu ni mvuvi hapo Ziwa Babati, na kwa wiki kadhaa alikuwa akinilalamikia kwamba wavu wake unaelea kwa kukosa chubwi, vile vizito vinavyofungwa chini ili wavu uzame. Nami nilikuwa na risasi mkononi na kalibu ya kuimiminia. Nikamweleza baba.

"Chubwi tu?"

"Chubwi tu, baba."

Basi akanifundisha. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, kwa hiyo alielekeza kwa fimbo. Watoto aliwafukuza hadi nje ya uzio, akisema moshi wa risasi unaingia kwenye damu na hautoki. Aliniambia nisimame upande upepo unakotoka, niipitishe kalibu juu ya kibatari mpaka ishike masizi, na niondoe uchafu unaoelea juu ya risasi iliyoyeyuka kwenye sufuria kabla ya kuchota. Za kwanza zilitoka na mikunjo kama maharage makavu, kwa sababu kalibu ilikuwa bado baridi. Baadaye zikaanza kutoka laini, zinang'aa, na kila moja ilikuwa na mifereji mitatu kuizunguka.

"Hiyo ni ya mafuta," alisema. "Risasi kavu inaacha madini ndani ya mtutu."

Akasogeza kile kidude, akakitia mafuta ya kopo, akaweka risasi moja, akavuta ule mkono wa kushindilia mara moja tu. Ilitoka na mifereji imejaa mafuta, safi kabisa. Kwa dakika hiyo mikono haikutetemeka. Kisha aliiacha haraka kama aliyeshika kaa la moto, na nikamwona anafuta kiganja kwenye suruali, anafuta tena na tena, wakati kiganja chenyewe hakikuwa na kitu.

Mimi sikuhitaji mafuta. Mifereji ile ilinifaa kwa kufungia uzi wa wavu, ukakaa bila kuteleza. Ila kalibu ilikuwa na mkwaruzo ndani, na kila risasi iliyotoka ilikuwa na mstari mwembamba uliotuna, karibu na kitako, umepinda kidogo mwishoni.

"Huo mstari upige tupa," baba aliniambia. "Kwa kila moja. Utakata uzi."

Nilipiga tupa mpaka vidole vikaniuma. Mstari wenyewe ulikuwa laini, haukukata uzi wowote. Zilipobaki kama kumi nikachoka, nikazitia mfukoni pamoja na nyingine, nikampelekea mdogo wangu. Baba aliponiuliza kama nimezimaliza zote, nikamjibu ndiyo.

Haikupita wiki tatu, akaja mtu. Sikumwona akifika. Nilitoka kuanika nguo saa sita mchana nikamkuta amesimama mwisho wa shamba letu, mwanaume wa makamo, amejifunga shuka, fimbo mabegani, anaangalia mahindi. Hakubisha hodi. Alikaa hapo mpaka kivuli chake kikarefuka, akaondoka. Kesho yake akaja tena, akasimama palepale. Mbwa wetu, anayebwekea hata upepo, alikuwa amejikunja chini ya mkokoteni, kimya. Nilipomwambia baba, hakuinuka kwenda kutazama. Aliuliza tu, "Amesimama upande gani?" Nikamwonyesha. Siku hiyo hakula.

Siku ya tatu yule mtu alikuja mlangoni.

"Habari za hapa, mama."

"Nzuri. Karibu."

"Mimi natoka kule chini ya mlima Hanang. Nilikuja mnadani na ng'ombe, nikapita ziwani kununua samaki. Kijana mmoja alikuwa anashona wavu. Amesema dada yake ndiye anamtengenezea hivi."

Akafungua kiganja. Kulikuwa na chubwi yangu moja, ambayo haikupigwa tupa. Kisha kutoka kwenye kifuko cha ngozi shingoni akatoa nyingine, imekuwa nyeusi kwa uzee, ncha imebondeka kama uyoga. Akazilaza pamoja na kuzigeuza vitako juu. Mstari ulikuwa uleule, na pale mwishoni umepinda vilevile.

"Hii ya zamani ilitoka kwa baba yangu," alisema. "Ilikuwa imekwama chini ya ngozi ya mgongo. Wazee waliitoa walipomzika. Mimi nilikuwa sijaanza hata kuchunga ndama."

Nyuma yangu nikasikia kiti kinaburuzwa. Baba mkwe alikuwa amesimama mwenyewe, bila fimbo.

"Shikamoo, mzee," yule mtu alisema.

Baba hakuitikia. "Ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mahindi," alisema. "Jua lilikuwa linazama. Niliona nyati."

"Baba yangu alikuwa amevaa shuka jekundu."

Yule mtu akairudisha ile ya zamani kifukoni. Alisema mama yake bado yupo hai, haoni tena, na anachotaka ni kuisikia sauti ya aliyefyatua.

Tulikwenda siku ya pili, mume wangu, mimi na baba, kwa gari la kukodi. Bibi yule alikuwa amekaa kwenye ngozi mbele ya nyumba, mdogo kama mtoto. Vijana wake na wajukuu walisimama nyuma yake wakiwa wameegemea fimbo zao, nami nikaona kwamba gari letu limezungukwa.

Baba aliinama, akasema ni yeye. Bibi aliuliza kwa lugha yake, mwanawe akatafsiri.

"Anauliza, alikufa palepale?"

"Hapana."

"Alisema nini?"

"Aliomba maji."

"Ulimpa?"

Ndege walikuwa wanapiga kelele kwenye michongoma. Nilimwangalia mume wangu, naye alikuwa anaangalia chini.

"Sikumpa," baba alisema. "Nilikimbia."

Bibi hakulia. Alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akakipata kichwa cha baba, akakishika kwa viganja vyote viwili, akakaa hivyo. Sikujua anambariki au anamlaani, na yule mwanawe hakututafsiria. Kisha akamwachia, na vijana wakafungua njia.

Kesho yake baba mwenyewe aliomba apelekwe polisi pamoja na lile sanduku. Waliandika maelezo yake kwa siku mbili, wakamrudisha nyumbani kwa sababu ya umri, wakisema ataitwa. Mpaka leo hajaitwa. Anakaa uani, amegeuza kiti kisielekee shambani, na pikipiki ikipunguza mwendo karibu na geti anainuka na kuvaa koti. Mimi nimejifunza kutomuuliza anamsubiri nani, polisi au wale vijana.