Helisi ya Watu Wengi

Alphonse, fundi wa injini za mitumbwi pale Mudzipela, mtaa wa Bunia nchini Kongo, hakuwahi kuuliza kwanza injini ina nguvu gani. Aliuliza ni watu wangapi watapanda. Wenye mitumbwi wakamdanganya, naye akazidisha mara mbili bila kuwaonea haya.

Mwanzoni mwa mwaka 2003, Bunia ikiwa imezoea milio ya risasi, Athanase, mwenye mtumbwi, alipanda hadi kwake kutoka Kasenyi, kando ya Ziwa Albert. Helisi yake, yale mabawa ya chuma yanayosukuma maji, ilikuwa imevunjikia kwenye jiwe. Alitaka nyingine, na kesho yake angemvusha Hélène, mke wa Alphonse, hadi Uganda. Hélène alikuwa na mimba ya miezi saba. Alphonse angebaki na mama yake, ambaye miguu haikumbeba tena.

Zilibaki helisi mbili. Ya kwanza mabawa yake yalipinda sana. Kila mzunguko ulitupa mtumbwi mbali, na mtumbwi mwepesi ungeruka. Ya pili mabawa yalilala. Ilikwenda hatua fupi, lakini injini ilizunguka bila kulemewa hata mtumbwi ukijaa. Ile ya kwanza, ya mbio, ukiifunga kwenye mzigo mzito, injini inakoroma, inachemka, inazima katikati ya ziwa.

Alphonse alichukua ile ya mbio. Alimpenda Hélène, alitaka avuke upesi, na hapo hakuwa fundi tena. Alishakaza nati alipouliza, kwa mazoea tu:

“Batu ngapi?”

“Kumi. Bibi yako na bale nilishaahidi.”

“Na mama mumoja akisimama mu maji na mutoto, anakuita?”

Athanase alitazama viatu vyake. “Nitamubeba, mukubwa. Weye unanijua.”

Alphonse alimjua, na ndiyo maana alikuwa amemkabidhi mkewe. Akailegeza nati, akaitoa helisi ya mbio, akafunga ile ya hatua fupi.

Baada ya wiki tatu mchuuzi mmoja wa samaki alileta salamu.

“Hélène anasema balivuka polepole sana, lakini moteur haikuzima. Mutoto mu tumbo hakusumbua. Balikuwa batu makumi tatu na ine.”

Alphonse alikuwa amekisia ishirini. Alikaa chini juu ya tairi, ile helisi ya mbio mapajani, akalia mbele ya mgeni.