Tulisaini nyimbo za mapasa kwa lebo, kisha mapasa wakazaliwa kwetu

Wakuu, nawasalimu wote kwa heshima. Humu mimi ni msomaji wa kimya, miaka mitatu sijaandika hata "pole". Leo naandika kwa sababu mama mmoja wa kundi letu amesema nisipoandika mimi ataandika yeye, na yeye hajui kuandika.

Sijaongeza kitu. Kuna vitu nimepunguza, mtaelewa kwa nini.

Shule yangu iliishia la sita na mkono wangu ni mzito, kwa hiyo mnivumilie.

Niko Kalemie, upande wa Kongo wa ziwa, ng'ambo ya Kigoma. Napiga ngoma. Si za bendi. Napigia bibi yangu, Nkambo Feza (nkambo ni bibi kwa huku), na mama sita wenzake wa mtaa wa Kataki. Wao wanaimba, mimi napiga nikiwa nimetazama chini. Kwa mtu mwenye aibu ni kazi nzuri, maana macho yote yako kwa wanaocheza.

Nyimbo zao kubwa ni za mapacha. Sisi tunawaita mapasa.

Kwetu mapasa hawaingizwi nyumbani kimya. Wanaimbiwa kwenye mlango, na nyimbo zenyewe ni matusi. Ndiyo, wakuu, matusi. Baba anatukanwa, mama anatukanwa, wakwe wanatukanwa. Kila anayekanyaga uani anapakwa chokaa nyeupe usoni, anatukanwa kwa wimbo, na lazima ajibu kwa wimbo. Kukasirika hakuruhusiwi. Bila hayo, watoto hawavuki mlango.

Wanaoimba ni mama wale wale unaowaona Jumapili kanisani wamefunga vitambaa, wapole kabisa.

Sasa lebo.

Alikuja mzungu mmoja, Tomas. Yeye na dada yake wana lebo ndogo Ulaya, ofisi yao ni meza ya jikoni, alisema mwenyewe. Wanarekodi muziki wa vijijini wa nchi mbalimbali, wanatoa santuri na kitabu kidogo cha maelezo. Hakuna studio. Studio ilikuwa uani kwetu.

Najua wengi mtauliza pesa. Walilipa walichoahidi, siku waliyoahidi. Ndiyo maana uzi huu hauhusu pesa.

Siku ya kurekodi mama walikuja wamevaa vitenge vipya vya sare, vya sikukuu. Tomas akaomba kwa upole wavae vya zamani. Aliomba pia redio ya jirani izimwe lakini mbuzi waachwe walie. Na Mama Sifa, ambaye ndiye kinywa cha kundi, akaombwa avue peruki, zile nywele za bandia.

"Miye nitoke ku disque na kitambaa ya kulimia?" Mama Sifa akauliza, akimaanisha ile santuri. "Mbuzi banaachwa na nywele zao, miye natolewa yangu?"

Alivua. Lakini hakusahau, na hilo mlishike.

Baada ya kurekodi ikaja kontra, yaani mkataba, kurasa nne za Kifaransa. Kati yetu anayesoma ni mimi, na Kifaransa changu ni cha la sita. Akaitwa Papa Anicet atusaidie. Huyu ni mzee mstaafu wa reli, mtu wa mafaili, hata risiti ya sabuni anaiweka kwenye plastiki. Tomas alimfanya mwakilishi wa lebo hapa mjini.

Kwenye kontra kulikuwa na sehemu ya jina la mtunzi. Mama wakasema niandike wazee wetu waliokufa. Dada wa Tomas akajibu kutoka Ulaya kwamba anaomba anwani yao.

Tukaandika "Mama wa Kataki", yakaisha.

Ukurasa wa tatu ulikuwa na orodha ya nyimbo tano, tatu kati yake za mapasa (ndizo zote tulizonazo), na maneno kwamba kwa miaka mitatu nyimbo hizo ni za lebo peke yake. Nilisoma mara mbili. Nikamtazama Papa Anicet.

"Maana yake," akasema huku anasafisha miwani, "ni kwamba hizi nyimbo bimefungwa. Mukiimba inje, ni mambo ya tribunal, ya mahakama."

"Hata ku matanga?" Nkambo akauliza.

"Mama Feza, tribunal haiulize kama mulikuwa munalia ao munacheka."

Ningeweza kumuuliza Tomas. Alikuwa hatua kumi kutoka hapo, anapiga picha mbuzi. Niliona aibu. Nikasaini kwa niaba ya wote.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kuchekesha kama si yako. Nkambo akitwanga, wimbo unamtoka, anakumbuka, anaumeza katikati ya mstari na mchi unabaki juu. Mama mmoja alianza kuvumisha wimbo kisimani, wenzake wakamziba mdomo. Watu wakadhani kundi limeokoka.

Kisha dada yangu Mwamini akajifungua mapasa.

Wa kike na wa kiume, Kyungu na Kabange. Majina hayo hayachaguliwi, yanakuja na watoto. Ilikuwa furaha ya ajabu mpaka walipotoka hospitali na kufika uani kwetu, saa nane mchana, dada akataka kuingia ndani.

Nkambo akasimama mlangoni na kunyoosha mikono.

"Hapana. Habajaimbiwa."

Tukatandika mkeka nje. Dada akakaa na watoto wawili, mmoja kila mkono. Mama saba wamesimama, chokaa iko tayari kwenye bakuli, ngoma iko katikati ya magoti yangu, na hakuna anayefungua mdomo. Wote wananitazama mimi niliyesaini.

Juu ya ziwa wingu lilikuwa limeanza kuwa jeusi. Mnaoishi kando ya Tanganyika mnalijua wingu hilo. Linakuja na upepo, na halichelewi.

Mmoja akashauri tuimbe wimbo wa kanisa.

"Kyungu si katekista," akasema Nkambo.

Mwingine akasema tumwite mama mkwe wa Mwamini, yeye hakusaini kitu na nyimbo za kwao anazijua. Lakini yuko Mpala, na mtumbwi hauwezi kuondoka na wingu lile.

"Basi miye ningie tu," dada akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Batoto bataloana."

"Bakiingia kimya, weye ndiyo utamuelezea baba yao siku mumoja wao akiugua?" Nkambo alimjibu kwa sauti ya chini. Hakuwa mkali, alikuwa anaogopa.

Wakuu, mimi si mtu wa kuamini kila kitu. Lakini pale kwenye mkeka niliona watoto wawili wa siku tatu, mvua inakuja, mlango uko wazi, na kilichowazuia ni saini yangu.

Nikatoa simu nimwandikie Tomas. Kuandika kwangu mnakujua sasa. Nilipofika "Bonjour Monsieur Tomas, nous avons" upepo ulikuwa umeshafika. Nikafuta, nikabonyeza ujumbe wa sauti, nikafunga kitufe ili usikatike, nikaeleza kwa kugugumia. Kabla sijamaliza, lango likafunguka.

Papa Anicet. Ameshika kontra kwenye plastiki.

"Nimesikia kuna mapasa," akasema. "Nimekuja kukumbusha tu, kwa amani. Orodha iko hapa."

Niliweka simu kwenye mfuko wa shati. Nilisahau kabisa kwamba ilikuwa bado inarekodi.

Sasa, kuna jambo Papa Anicet alilisahau, na ni la ajabu kwa mtu wa hapa. Alikuwa amekanyaga uani kwa mapasa.

Mama Sifa akachovya vidole kwenye chokaa, akamwendea polepole, akampaka mstari kutoka paji la uso mpaka kidevu. Kisha akageuka kwangu. "Piga."

"Nyimbo gani?" nikauliza.

"Piga tu, weye!"

Nikapiga. Akaanza, na wimbo huo sikuwahi kuusikia, kwa sababu ulikuwa unazaliwa pale pale:

Karatasi ya Anicet ni ndefu, jamani ndefu,
kitu ingine yake yote ni fupi!

Wenzake sita wakaitikia kama waliufanyia mazoezi mwaka mzima. Mstari wa tatu siuandiki. Ulihusu reli, na treni ambayo haifiki kituoni.

Papa Anicet alitoa kontra kwenye plastiki, akaanza kutafuta wimbo huo kwenye orodha. Alipitisha kidole toka juu mpaka chini. Akarudia.

"Haimo," akasema.

"Itakuwamo aje," Nkambo akamjibu, "na ndiyo inazaliwa?"

Mama wakazidi. Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye karatasi. Desturi ilikuwa imemshika shingoni: akikasirika ni aibu kubwa, akiondoka bila kujibu watoto wanabaki nje, na mtaa mzima utajua ni kwa sababu yake. Alimtazama dada pale mkekani. Akakunja kontra, akaiingiza ndani ya shati, akakohoa.

Kisha mzee huyu wa mafaili akaimba.

Mbuzi ya Kataki inalia, inalia,
inauliza Sifa: nywele yangu iko wapi?

Uani palilipuka. Nkambo alicheka mpaka akashika ukuta. Mama Sifa mwenyewe alivua peruki na kuirusha juu, na mstari wa tatu wa Papa Anicet nao siuandiki. Sauti yake ni nzuri, wakuu. Miaka yote alikuwa nayo na hakuna aliyejua.

Walijibizana mpaka mvua ikaja yote kwa pamoja. Dada akavuka mlango, Kyungu mkono wa kulia, Kabange wa kushoto. Sisi tukabaki nje tunaloa na tunaimba.

Mvua ilikata mtandao; usiku nilipoitoa simu nilibonyeza kutuma bila kusikiliza, na kesho yake mtandao uliporudi ujumbe ukaondoka. Simu ikaleta jumbe mbili za Tomas.

Wa kwanza ulisema tunaweza kuimba nyimbo zetu zote popote, wakati wowote, harusini, matangani, barabarani. Kontra inazuia kitu kimoja tu: kurekodi nyimbo hizo tano kwa lebo nyingine. Alishangaa kwamba tulifikiri vinginevyo.

Miezi mitano ya kumeza nyimbo, na jibu lilikuwa mistari mitatu.

Wa pili ulisema ujumbe wangu wa sauti ulikuwa na dakika moja ya kugugumia na dakika kumi na tisa za muziki bora kuliko wote aliorekodi yeye na mikrofoni zake. Na mvua! Na mbuzi! Anaomba huo uwe wimbo wa kwanza wa albamu.

Kontra mpya imefika wiki iliyopita. Safari hii sikumwangalia Papa Anicet. Nilimpigia Tomas, nikauliza kila mstari, hata mistari niliyoielewa. Sauti yangu ilikuwa inakwama, lakini hakuna aliyekufa. Sehemu ya watunzi tumeandika Mama Sifa na Papa Anicet, na safari hii wana anwani.

Papa Anicet bado ni mwakilishi wa lebo. Juzi alipita kwa Nkambo akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, kama kuna mwanamke mwenye tumbo kubwa mtaani.

Funzo langu ni hili. Karatasi ikikutisha, muulize aliyeiandika, usimuulize jirani mwenye miwani. Aibu ya kuuliza inaisha kwa dakika moja. Yangu ilichukua miezi mitano na nusura iwaloweshe wapwa zangu.

Sasa nahitaji msaada wenu kweli. Dada wa Tomas anatengeneza kile kitabu cha maelezo, na ananiomba maneno ya wimbo wote kwa maandishi pamoja na maana yake. Amesema kwa masikio yake unasikika kama sala ya kale ya kukaribisha wageni.

Mistari miwili ya kwanza nimeshaandika. Huu wa tatu, wa treni na kituo, siku ya nne leo nashika kalamu na kuiweka chini, na Nkambo anapita nyuma yangu anauliza nimefika wapi.

Mwenye kujua namna ya kuuandika kwa heshima bila kusema uongo, tafadhali aandike hapo chini. Mama Sifa anasema uandikwe kama ulivyo.