Pipa la Maji Meusi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi wanajeshi wawili wa kizuizi cha barabarani waliingia uani kwangu kutafuta pipa. Lilikuwapo moja tu, na lilikuwa limejaa.

Tangu vita vianze, shule ya jirani haikuwa na madaftari, nami nikawa ninaitengenezea karatasi kwa matete. Nilijifunza mwenyewe, katika kitabu cha zamani kilichokosa kurasa za mwisho. Matete huchemshwa na soda ile kali ya kutengenezea sabuni mpaka yalainike. Nyuzi zikishatolewa, hubaki maji meusi yanayochoma ngozi. Mwanzoni niliyamwaga mferejini. Lakini mfereji ule unaishia kwenye kidimbwi ambamo akina mama huloweka mihogo, na walinikemea. Soda nayo ilitoka Kigoma, ng'ambo ya ziwa, na boti zilikuwa zimepungua. Basi nikawa nayachuja maji yale kwa kitambaa, nayaongezea maji ya majivu ya michikichi, nayachemshia matete mengine. Karatasi ilitoka ya kahawia, lakini iliandikika.

"Papa, mwaga huo uchafu," mmoja alisema.

"Si uchafu, mukubwa. Hii njo dawa ya kazi yangu."

"Inaponya nani?"

Wakacheka, wakaliangusha pipa kwa buti, maji yakatiririkia mferejini, wakaondoka wakilibingirisha.

Nilikimbia kando ya mfereji nikipiga kelele. Mama mmoja, jirani yangu, alikuwa ameinamia kidimbwi pamoja na wenzake.

"Toeni mihogo! Maji yangu yanakuja!"

"Papa, hii tumeiloweka jana! Mihogo ya siku moja njo sumu. Ama utatulisha karatasi?"

Alisema kweli. Mihogo yetu ni michungu, hutaka siku tatu majini ili sumu itoke, na hakuna nyumba pale iliyokuwa na unga mwingine.

"Tuipeleke ziwani," nikasema. "Tuiloweke upya kwenye mabeseni."

"Na wale wanajeshi wa kizuizi wakija kutaka mihogo yao?" akauliza jirani yangu.

"Tutawapa hii hii ya siku moja," akajibu mwenzake. Hakucheka.

Tuliitoa yote. Nilipogeuka, kidimbwi kilikuwa na rangi ya kahawa. Kule ziwani mihogo ililainika polepole, na nyumba zile zilikula bukari, ugali wetu wa mihogo, wiki ile. Kidimbwi hakikutumika tena mpaka mvua zilipokisafisha.

Mwalimu wa shule ile alipokuja kuchukua karatasi za mtihani, sikuwa nazo; nilimwonyesha doa jeusi uani. Soda iliyomwagika pale, kwa bei ya bandarini, ilikuwa ya faranga elfu tatu na mia mbili.