Sanduku Lililoshikilia Roshani

Enzi zetu nyumba ilikuwa haikutunzi wewe, wewe ndiye uliyeitunza. Wazee wetu walitoka Unguja, sisi tukazaliwa Jeddah, orofa ya tatu katika mji wa kale, nyumba ya matumbawe yenye roshani ya mbao iliyonakshiwa mpaka macho yachoke: maua, nyota, na vijitundu vya kuwachungulia wapita njia. Humo ndimo alimokaa mgeni wa heshima. Ila roshani yenyewe ilikuwa imeinamia nje.

Bibi hakuita fundi. Kwa hesabu zake roshani ni mizani: mgeni akikaa kule, watoto wakae huku ndani ukutani, juu ya sanduku lake zito la njumu za shaba alilotoka nalo Unguja. Mgeni mwembamba, mtoto mmoja. Mnene, ukoo mzima.

Basi siku moja wakaja watu wa kijana mmoja kumposa shangazi Zuhura. Shangazi alimpenda yule kijana, na posa za nyuma zilishavunjika, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa roho juu. Mama wa kijana, Bi Salma, alikuwa mwanamke wa kujaza mlango. Alipoketi roshanini mbao zikalia. Bibi akakohoa, nasi sote tukarukia sanduku.

Mazungumzo yakanoga. Bibi akasema, "Haya, shukeni nitoe halua."

Halua ilikuwa ndani ya sanduku. Hakushuka mtu.

"Shukeni, mnanifedhehesha!"

Mdogo wangu Nasra akaangua kilio. "Bibi, tukishuka mgeni ataanguka!"

Shangazi akajifunika uso kwa kanga. Bi Salma akachungulia barabarani kule chini, akanyanyuka taratibu, akaja kutuondoa, akaketi sandukuni peke yake.

"Zuhura mwanangu, hebu kaa wewe roshanini nikuone. Mkwe wangu haanguki nami nipo hapa."

Posa ikapita papo hapo. Halua hatukuila, maana hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke.

Vijana wa leo wanakulia Riyadh kwenye majumba ya vioo, lifti ikikwama dakika moja wanapiga simu kwa mama. Juzi nilimpeleka mwanangu kuiona nyumba ile. Imekarabatiwa, ina kiyoyozi na mlinzi. Akaingia roshanini kujipiga picha, nami nikajikuta nimechuchumaa ukutani, pale lilipokuwa sanduku.

"Baba, unaumwa?"

"Sijambo. Piga picha zako upesi."

Nilimkumbuka Bibi, machozi yakanitoka. Magoti yaliniuma, lakini sikuinuka mpaka mwanangu alipotoka.