Nilimufunga Binti Yangu Kinywa ku Kilio ya Mama Yake

Nilikosa. Mutu asinitafutie sababu. Nilikosa mimi mwenyewe, na hii kinywa yangu.

Mimi niko muzee wa Bunia, muuzaji wa ng'ombe. Masomo yangu iliishia primere ya pili, lakini nyumba na mifugo, vyote ilitoka mu hii mikono. Binti yangu wa kwanza alisoma mpaka akakuwa profesere ku inivesite. Kazi yake ni mashairi ya Ulaya ya zamani sana, ya mapadri na waumini waliokuwa wakigombana na Mungu. Aliandika kitabu muzima juu yao.

Nilikuwa namucheka mbele ya wazee wenzangu wa kanisa. "Niliuzisha ng'ombe ili mutoto asome matusi ya Wazungu kwa Mungu!" Tunacheka mpaka machozi. Wajinga siye!

Bibi yangu, mama yake, hakucheka. Alipougua, binti alikuja, akaketi pembeni ya kitanda, akamutafsiria ile mashairi mu Swahili yetu. Bibi, mwenye hakukanyaga ku masomo, alikuwa anasema: "Rudilia, mama. Huyu mutu alikuwa anaumwa sawa mimi." Akaomba moja isomwe ku maziko yake.

Akafa. Kwetu, ku kilio, baba wa nyumba ndiye anaruhusu mutu aseme. Binti akasimama asome ile shairi. Wazee wakaniangalia. Nikaona haya mbele yao. Mbele yao, mama yangu weh!

"Weye, keti. Hapa tunazika mukristo."

"Papa, mama ndiye aliomba."

"Mama yako amekufa. Keti!"

Akaketi. Maziko ilipoisha, akarudia Kisangani, ku kazi yake.

Wale wazee walikula nyama, wakaenda. Nikabaki na nyumba tupu. Sasa kila asubuhi, nikikamua ng'ombe, niko namugombeza Mungu kwa sauti: kwa nini ulibeba bibi yangu, kwa nini si mimi? Kumbe yale ndiyo nilikuwa naita matusi! Mutu hagombani na Mungu kama hamuamini.

Nikamupigia binti simu. "Kuja unisomee ile ya mama, ku kaburi."

Akanijibu: "Papa, ile ilikuwa ya siku ile."

Akaniaga na heshima yote, akakata. Afazali angenitukana!

Weye papa mwenye kusomesha watoto, nisikie. Usimucheke mutoto ili upendeze wazee wenzako, hao hawatakuja kulala mu nyumba yako tupu. Muulize anasoma nini, na unyamaze mpaka amalize kujibu. Mimi nililipa masomo yote. Kuuliza, hata siku moja.