Majoho ya Lidwina Yalivyoimba Misa Lusewa

Jua halijavuka milima ya Matogoro, lakini pasi ya mkaa ya Lidwina Luambano tayari inatema cheche. Amesimama kwenye baraza ya kibanda chake, Majengo mjini Songea, khanga kaifunga kiunoni. Anapuliza majivu, anatandaza joho la bluu juu ya meza iliyovikwa blanketi kuukuu, anafanya ishara ya msalaba, kisha pasi inashuka.

"Humu ndani ataingia mtoto wa mtu," anasema bila kuinua macho. "Simjui jina, simjui kabila, sijui kama atafaulu. Basi namwombea hivyohivyo, Mungu atajua mwenyewe wa kumpelekea."

Pembeni yake kuna rundo la majoho ya namna hiyo, bluu na kola ya njano. Mengine bado yana vumbi jekundu kwenye pindo. Yanatakiwa Msamala kabla ya saa nne asubuhi, ambako wahitimu wa kidato cha nne wa shule moja ya sekondari wanayasubiri. Yamefika jana tu. Mpaka Jumapili iliyopita, Lidwina alikuwa hajui yako wapi.

"Yameibwa, yameitiwa dua, yameimba Misa, leo yanahitimu," anasema na kuangua kicheko. "Kuna watu wazima hawajafanya hata nusu ya hayo."

Lidwina ana miaka sitini na saba. Mtaani ni Mama Pankrasi, kwa jina la mwanawe wa kwanza, dereva wa lori ambaye mama yake humwona kwa nadra kama mvua ya Julai. Yeye mwenyewe hajawahi kuvaa joho. Aliishia darasa la nne huko kijijini, akajifunza cherehani kwa masista, na ushonaji huo ndio uliomlea na kumlelea watoto.

Kazi yake sasa ni kushona na kukodisha majoho ya mahafali. Moja hulipiwa Sh2,500, maji, sabuni na mkaa humohumo. Msimu ni Septemba na Oktoba. "Miezi miwili navuna," anasema, "kumi iliyobaki nazeeka."

Mwishoni mwa Agosti, siku chache kabla ya mavuno hayo, alifika kibandani akakuta kufuli limekatwa. Cherehani ilikuwa palepale. Magunia mawili ya majoho hayakuwepo.

"Nilikaa chini kama niliyepigwa rungu," anakumbuka. "Nikasema, mwizi anayeacha cherehani akabeba majoho, huyo ama mjinga ama ana mtoto anahitimu."

Alikwenda kituoni, wakaandika maelezo yake, wakamwambia asubiri. Lakini mahafali hayakuwa ya kusubiri. Shule ile ya Msamala imevaa majoho ya Lidwina tangu ilipotoa wahitimu wake wa kwanza, na mkuu wake mpya, Mwalimu Saimon, aliyehamia kutoka Kagera, alimweleza wazi: ikifika Ijumaa ya wiki ya mahafali hajaona joho, ataagiza Njombe.

Kwa Lidwina hilo lilikuwa jambo la kufa na kupona. "Akiagiza Njombe mara moja, mwaka kesho wataagiza wote. Kushona mengine upya nguvu sina na kitambaa sina. Nibaki napiga pasi mashuka ya nani?"

Hasira ikampeleka mlango wa pili.

Mlango wa pili ni wa Abdulswamadu, mshona kanzu, ambaye amekaa naye baraza moja miaka mingi. Wanaazimana sindano, wanaazimana mkaa, wanataniana kutwa. Siku hiyo hakwenda kuazima. Alikwenda kumwomba awaite walimu wa madrasa wamsomee Albadiri, kisomo ambacho watu wengi wa hapa, wa msikitini kwa wa kanisani, wanaamini humfuata mwizi mpaka kitandani. Inasemwa pia kwamba hakibagui: humpata hata aliyekaa na mali ya wizi bila kujua.

"Shehe, nisomeeni," alimwambia.

"Mama Pankrasi, si una rozari wewe?"

"Rozari inanishauri nisamehe. Mimi leo sitaki ushauri."

Abdulswamadu hakucheka. Anasema alijaribu kumgeuza akashindwa, akaona bora ampunguzie kasi. Akatoa sharti kwamba watu watangaziwe kwanza, Ijumaa baada ya Ijumaa, ili mwenye mali ya watu apate nafasi ya kuirudisha. "Kisomo kikishatoka hakina breki," anaeleza. "Mimi ni fundi. Kabla ya kukata napima."

Tangazo likapita Majengo nzima. Ijumaa zikaenda, gunia halikurudi. Ikabaki Ijumaa ya mwisho, jana, siku moja kabla ya mahafali. Na kwa Lidwina kukawa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu: aliacha kupokea Komunyo.

"Wenzangu wanapanga mstari, mimi nabaki kwenye benchi. Nitafungua mdomo gani? Uleule nilioutumia kuomba kisomo kimkate mtu miguu?"

Katika hali hiyo ndipo Jumapili iliyopita alipokwenda Lusewa, wilayani Namtumbo. Mdogo wake, Fausta, ana mjukuu aliyekuwa anapokea Komunyo ya kwanza, na bibi hakosi. Akakaa benchi la tatu, moyo mzito, macho kwenye altare.

Kwaya ikaingia. Iliingia kwa mwendo wa kucheza, hatua mbili mbele, moja nyuma, ngoma ikijibu. Bluu na kola ya njano.

Mwanzoni alidhani macho yanamdanganya. Kisha akatazama pindo.

Lidwina hushona pindo mbili, moja ndani ya nyingine. "Darasa moja lina Eric mrefu kama mlingoti wa bendera, na lina Edna anayenifika kwapani. Nikifumua moja linashuka, nikirudisha linapanda. Mafundi wenzangu wananicheka, wanasema napoteza kitambaa." Waimbaji wa Lusewa walifumua pindo za nje kwa wanaume na kuziacha kwa wanawake. Alama za sindano yake zilionekana mpaka benchi la tatu.

"Ulipofika wimbo wa Utukufu, wenzangu wanaimba, mimi nahesabu pindo," anasema. "Na katikati ya safu ya kwanza, anayeimba kwa mbwembwe kuliko wote, ni Fausta. Mdogo wangu wa tumbo moja! Na Ijumaa watu wanasoma!"

Misa ilipokwisha alimvizia mlangoni.

"Fausta, joho zuri hilo."

"Umeliona eh, dada?" Fausta akazunguka mara moja ili aonekane vizuri. "Mitumba ya Italia! Kuna kijana alileta mnadani, kasema kwaya ya huko wameyachoka. Kwaya nzima tumechanga mahindi, debe kwa debe."

"Italia hiyo naijua. Iko Majengo, mkono wa kushoto ukitoka sokoni."

"Dada, una maana gani?"

Lidwina akampindulia pindo, akamwonyesha. Fausta akatazama, akamtazama dada yake, akakaa kwenye ngazi ya kanisa.

Mwenyekiti wa kwaya, Hironimus, mkulima wa tumbaku mwenye sauti nzito kama ya fahali, akasogea kusikiliza. "Mama, shikamoo. Sisi si wezi," alisema.

"Marahaba. Najua, baba. Ndiyo maana nahema hivi." Akawaeleza habari ya Ijumaa.

Waliokuwepo wanasimulia kwamba kilichofuata kilikuwa kama watu wamevamiwa na siafu. Majoho yalivuliwa hapohapo uwanjani. Mwimbaji mmoja mjamzito alipiga kelele, "Mimi nina mimba ya miezi saba jamani, nifungueni kifungo!" Katekista akatoka sakristia kuwagombeza: Mkristo gani anaogopa kisomo? Maneno yalikuwa mazito, ila Fausta anaapa kwamba katekista mwenyewe aliyasema akiwa amerudi nyuma, mbali na rundo.

Lidwina hakungoja mwisho wa ubishi. Akapanda kichuguu kilicho nyuma ya kanisa, ndiko mtandao unakopatikana, akapiga simu Songea.

"Shehe, simamisha!"

"Kwani mwizi kapatikana?"

"Mwizi hapana. Majoho nimeyaona. Yanaimba Misa."

Upande wa pili Abdulswamadu akavuta pumzi ndefu. "Alhamdulillahi," alisema. "Mama Pankrasi, mwenzio tangu uniombe silali. Nikaona siku hiyo ikifika nitajitia homa."

Alipoteremka, alikuta kwaya imegawanyika. Wapo waliosema mama atafute mwizi wake, mahindi yao hayarudi. Hironimus aliwasikiliza mpaka wakachoka, kisha akasema, "Yanatukaa vizuri, sikatai. Lakini tutamwimbia nani tukiwa ndani ya nguo za mtu?" Na Lidwina akawapa neno lake: msimu ukiisha, walete kitambaa, mikono ni yake. Kwaya itashonewa majoho ya kwaya, na yao yatakuwa ya kijani, yasije yakafanana tena na ya mtu.

Jumapili hiyo Komunyo ilikuwa ya mjukuu yule wa darasa la nne na wenzake. Lidwina alipokea Jumanne, Misa ya asubuhi, Songea, baada ya kuungama. "Nilimwambia padri yote," anasema. "Nikaona mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka."

Jana kwaya ikayaleta yenyewe, juu ya lori la mahindi. Walipoyahesabu kwenye baraza, yalipungua moja. Hironimus alisema tangu mnadani halikuwemo.

Hapo ndipo Abdulswamadu alipoingia ndani kwake, akatoka na kipande cha kitambaa cha bluu kilichosalia tangu majoho yaliposhonwa. Baada ya swala ya Ijumaa, wakati ambao kisomo kingekuwa kinapanda, yeye alikuwa cherehanini. Joho ni joho, lakini mkono umezoea kanzu: shingoni amelitia darizi ya nyuzi za njano mpaka kifuani.

"Umeharibu," Lidwina alimtania. "Sasa huyu anahitimu au anaswalisha?"

"Ngoja uone kesho litakavyogombewa."

Na limegombewa kweli. Saa nne na robo, Msamala, muziki unapigwa na wahitimu wanaingia kwa ule mwendo wa maringo, wazazi wakiwatandikia khanga njiani na kuwavika mataji ya karatasi za kumetameta. Binti aliyelipata joho la darizi anatembea kama malkia, na wenzake wawili wanamnong'oneza wabadilishane kabla ya picha. Upande wa kulia, wakiwa na vitenge vyao vya kawaida, kwaya ya Lusewa inaimba.

Mwalimu Saimon yuko meza kuu, anapiga makofi. Alipofika Songea mwanzoni mwa mwaka alikuwa na shaka na sherehe hizi. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, mahafali Oktoba. Alimuuliza Lidwina, "Mama, tunasherehekea nini wakati hata mtihani hawajafanya?"

"Mwalimu, mtoto anabatizwa kabla hajatenda jema hata moja."

"Na wangapi waliobatizwa wako jela?"

"Wapo. Lakini hatukuacha kubatiza."

Mwalimu anakiri kwamba jibu hilo bado analitafuna. "Sijakubali lote," anasema, "ila makofi napiga."

Lidwina amekaa nyuma kabisa, kwenye kiti cha plastiki, sindano na uzi vimechomekwa kwenye khanga endapo kitu kitafumuka. Anasema miaka yote hii watu wamemwambia wezi wanatoka mbali. Yeye haamini. Amewavisha watoto wa mji huu muda mrefu mno.

"Aliyekata kufuli langu, huenda kifungo cha shingoni nilimfunga mimi mwenyewe, hivi hivi, siku kama ya leo. Mama yake akamtandikia khanga," anasema. "Joho kazi yake siku moja. Siku zilizobaki ni zetu sisi tuliopiga makofi. Huyo labda tulipiga, tukaenda kula pilau, tukamsahau."

Mipango anayo. Mwakani majoho yote yatatiwa darizi, yeye akishona na Abdulswamadu akimalizia shingo. Mwalimu Saimon ameshasema habari ya Njombe imekwisha. Kwaya ya Lusewa itakuja na kitambaa cha kijani mwezi ujao. Na kufuli jipya limenunuliwa, kubwa kuliko la kwanza, maana kusamehe, anasema, hakujawahi kukataza kufunga mlango.

Linabaki lile joho moja lisilojulikana lilipo. Polisi bado wana maelezo yake. Majirani bado wanamuuliza kama kisomo kimefutwa kabisa au kimeahirishwa. Yeye ameshalikatia shauri.

"Mwizi alichagua moja akaliweka kando, hakuliuza. Kwa nini?" anauliza, macho yakiwa kwa wahitimu wanaopita. "Nasema ana mtoto. Basi namwomba Mungu huyo mtoto asome, asiachie njiani kama mimi, afike siku ya kulivaa. Na siku hiyo lisije likavaliwa limekunjamana. Baba yake alilete Majengo, nilipige pasi. Sitamuuliza kitu."